Kuchagua bushi za nyuma ili gari ya mbio ipunguze kelele: ninavyofanya mimi hapa Dodoma

Wakuu, kama una Impreza WRX au STI ya bodi ya GD, zile za 2000 mpaka 2007, na saivi ukipita tuta nyuma kunagonga, au ukifika spidi 90 kuna mlio kama nyuki wamejifungia kwenye buti, huu mwongozo ni wako. Wenye Altezza, Mark II, Forester ya taabo na nyingine someni tu, majina ya amu (vile vyuma vinavyoshika gurudumu) yanatofautiana ila kanuni ni zile zile. Mimi yangu ni GDB, yani STI ya bodi hiyo, naishi Nzuguni na kazi niko Mtumba, kwahiyo kila siku napiga lami nzuri, matuta, na kipande cha vumbi kabla sijafika nyumbani, na hilo vumbi ndo limeamua nusu ya mambo nitakayokueleza humu.

Jambo lenyewe nilijifunza kwa hela yangu. Bushi ni ile raba inayokaa kwenye maungio ya chini ya gari, na ikiwa ngumu inahamisha kelele. Ule mgongano wa chuma kwa chuma utaondoka kweli, alafu mlio wa difu (lile boksi la gia la nyuma), wa tairi na wa kokoto unapanda moja kwa moja kwenye bodi unakuja kukaa masikioni mwako. Miaka kadhaa nyuma nilichomoa bushi zote za nyuma zilizochoka nikafunga poliyurethani (plastiki ngumu inayofanana na raba) kila tundu, seti nzima, amu, difu, sabufremu (fremu ndogo ya chini inayobeba amu na difu), stabilaiza (chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona), sikubakisha kitu. Gari ilikuwa kali kwenye kona sikatai. Wiki ya pili nikampeleka mama Manyoni, tumetoka Dodoma asubuhi, tumepita Nala, kufika Bahi mama kanyamaza kabisa kaegemea mlango, tunakaribia Kintinku akaniuliza, "Mwanangu, hii gari inasaga nini huko nyuma?" Nikamwambia mama hakuna kinachosaga. Lakini alikuwa sahihi, kulikuwa na mlio mmoja mrefu wa difu ambao haukuisha mpaka tunafika, na mama kashuka kichwa kinamuuma. Ile siku iliniuma sana, ndo nikaanza kusoma upya bushi moja baada ya nyingine inafanya kazi gani.

Hatua ya 1: jua kelele yako ni ya aina gani kabla hujagusa spana

Watu wengi wanakosea hapa, wanasikia kelele nyuma wanakimbilia kununua bushi. Tafuta muda, zima redio, toa jeki na tairi ya akiba na makorokoro yote kwenye buti, alafu endesha na mtu mmoja akae siti ya nyuma asikilize.

Ikigonga "ko ko" ndogo ndogo kwenye vishimo na rasta, mwendo wa taratibu, cha kwanza kushuku ni linki za stabilaiza na bushi zake, hizo zinachoka mapema na ni bei ndogo kuliko vyote huko nyuma. Ikipiga "du!" moja nzito ukitoka D kwenda R, au ukiachia klachi kwa haraka, hiyo ni difu inacheza kwenye bushi zake, au sabufremu, ila kagua na propela shafti isije ikawa krosi. Ikilia "kwiii kwiii" kama kitanda cha chuma ukipanda tuta, ni bushi ya poli (poliyurethani) iliyokauka grisi, au raba ya stabilaiza iliyoingia vumbi. Mlio unaobadilika ukikanyaga mafuta na ukiachia, hiyo inatoka kwenye difu, angalia oili ya difu kwanza kabla hujalaumu bushi. Mlio unaokua ukiegemea kona upande mmoja na kupungua ukienda upande wa pili, hiyo ni beringi ya gurudumu, bushi haihusiki kabisa. Na mlio unaobadilika ukitoka lami laini kwenda lami ya kokoto kubwa, hizo ni tairi, hasa zikishaliwa kwa vipande kama meno ya msumeno kwasababu ya alaimenti mbovu ya nyuma. Pia shika egzosi ikiwa imepoa uitikise, mpira wa egzosi uliokatika umeshamlia mtu hela ya bushi namfahamu.

Hatua ya 2: ingia chini uione kwa macho

Weka gari sehemu tambarare, weka mawe au vizuizi kwenye tairi za mbele, inua nyuma, weka stendi mbili, usiingie chini ya gari iliyosimama kwa jeki peke yake hata kama ni dakika moja. Nyuma ya GD ina strati (shokapu na springi pamoja), na kila upande una lateral linki mbili zinazoenda kati kati ya gari, na treiling linki moja inayoenda mbele. Hesabu bushi: lateral peke yake ni nane kwa gari nzima, treiling ni nne, alafu uongeze za difu, za sabufremu na za stabilaiza.

Chukua mtaimbo mdogo au leva ya tairi, ingiza kati ya amu na mahali ilipofungwa, sukuma pole pole. Raba nzima inavutika kidogo na kurudi. Iliyokufa inaruka, unaona chuma cha kati kinatembea chenyewe. Yangu ya treiling upande wa kushoto kwa nje ilionekana safi kabisa, nikaisukuma na mtaimbo ikafunguka kama mdomo, ndani ya ule ufa kumejaa udongo mwekundu mkavu, na upande mmoja wa kile chuma cha ndani umeng'aa kama sarafu mpya kwasababu ndo ulikuwa unagonga kwenye ganda kila tuta. Kwahiyo usiridhike na kumulika tochi tu, lazima usukume.

Angalia na oili. Kama sili ya difu inavuja na oili inadondokea bushi, raba itavimba na kulainika kama uji, ukifunga mpya bila kubadilisha sili umetupa hela.

Hatua ya 3: elewa aina za bushi zilizopo

Raba ya kiwanda ni ganda la chuma nje, bomba la chuma ndani, na raba katikati iliyoshikanishwa kwa moto na vyuma vyote viwili. Haizunguki, inajisokota. Mtikisiko wa barabara unafia ndani ya raba, ndo maana gari mpya ni kimya. Ugumu wake kwa kipimo cha Shore A mara nyingi unaangukia kati ya 50 na 65.

Raba ngumu ni muundo ule ule ila mchanganyiko wa raba ni mgumu zaidi. STI wenyewe wanazo zinaitwa Group N, jina limetoka kwenye lile kundi la rali la magari yanayokaribiana na ya dukani. Hardrace wa Taiwan nao wanatengeneza raba ngumu. Kwangu mimi hili ndo kundi linalowafaa watu wa huku kwetu kuliko yote na watu wanaliruka, wanatoka raba iliyokufa wanarukia poli.

Poli, yani poliyurethani, za Powerflex, SuperPro, Whiteline na wengine, za mtaani ziko kama 80 mpaka 90 kwa Shore A na za mashindano zinapanda mpaka 95. Poli nyingi hazijashikana na chuma, bomba la ndani linazunguka ndani yake, kwahiyo inahitaji grisi maisha yake yote. Powerflex wanatofautisha kwa rangi, zambarau ni za barabarani na nyeusi ni za mashindano, ukikuta nyeusi zinauzwa bei rahisi mtandaoni usishawishike, kwa kelele hizo si zako.

Alafu kuna zile za chuma tupu au za mpira wa chuma unaozunguka kwenye kikombe. Kwa gari ya kupeleka watoto shule hapa Dodoma achana nazo. Vumbi letu ni laini kama unga wa ngano, kiangazi cha Mei mpaka Novemba halina maji ya kulituliza, likiingia mle linasaga chuma na baada ya muda mfupi unaanza kusikia njuga.

Hatua ya 4: chagua tundu kwa tundu

Hii ndo hatua yenyewe, soma taratibu.

Sabufremu kwanza. Hii ndo mlango wa mwisho wa kelele kabla haijaingia kwenye bodi, kila kinachotikisika kwenye amu na difu kinapita hapa. Kama lengo lako ni ukimya funga raba mpya ya kiwanda, basi. Kuna zile pete za poli za kujazia mapengo ya bushi iliyopo, zinasaidia gari isiyumbe nyuma ukikanyaga ila mlio unaongezeka, na ukizifunga kwenye raba iliyokwisha kufa umefunika kidonda hujakitibu.

Difu. Hapa ndo mama yangu aliposikia kusagwa. Meno ya difu siku zote yana mlio, hata nzima, raba ndo inauzuia usitoke. Poli kwenye difu inaufungulia njia. Weka raba ya kiwanda, na kama gari yako ni STI yenye difu aina ya R180 na umeongeza nguvu, na difu inaruka ukiachia klachi, weka Group N, utasikia mlio kidogo sana ukiwa spidi za juu ila unavumilika. Na ukibadilisha, badilisha za mbele na za nyuma ya difu kwa pamoja, kwasababu ikishikwa vizuri nyuma ikalegea mbele inakuwa inanyanyua pua kila ukikanyaga na "du!" inabaki pale pale.

Treiling linki, ile bushi yake ya mbele. Kazi yake ni ngumu kuliko unavyodhani, gurudumu likipanda na kushuka amu haizunguki kwenye mstari mmoja, inapinda na pembeni pia. Raba inakubali kupindwa pande zote, poli haikubali, inabana, alafu inaanza kugonga na kulia, na suspensheni inakuwa ngumu bila sababu. Mafundi wengine watakuambia poli hapa inafanya gari "ikae". Mimi nimezitumia zote mbili kwenye gari hiyo hiyo na barabara hiyo hiyo, raba ngumu imekaa vizuri zaidi. Hapa usitafute kingine, Group N au Hardrace, na hela ikibana raba mpya ya kiwanda.

Lateral linki zinazunguka karibu kwenye mstari mmoja, kwahiyo poli hapa inafanya kazi vizuri na haileti kelele nyingi. Lakini kumbuka ni bushi nane, na kila moja inataka kufunguliwa na kupakwa grisi upya, na kwa vumbi letu usitegemee muda mrefu kama wa mtu anayeishi Ulaya. Kama we ni mtu wa kufungua gari yako kila baada ya miezi funga poli, kama unasubiri mpaka ilie ndo uende gereji funga raba ngumu.

Stabilaiza, hapa poli ni sawa kabisa, ni bei nafuu, unafunga mwenyewe na faida kwenye kona unaiona. Ila pima unene wa stabilaiza yako kwa kaliper usikisie, kwasababu gari zetu ni za kutoka Japani na wenyewe wa kule walishabadilisha vitu, unaweza kukuta una nyuma ya STI kwenye WRX, na bushi ikizidi hata milimita moja itagonga.

Na raba ya juu ya shokapu iwe raba. Zile za chuma zinagonga.

Kwa kifupi changu mimi saivi: sabufremu raba ya kiwanda, difu Group N, treiling Group N, lateral raba ngumu, stabilaiza poli. Nimeendesha hivyo Dodoma mpaka Singida na kurudi na mtu wa nyuma kalala.

Hatua ya 5: kununua bila kuumizwa

Usinunue amu used ili upate bushi. Najua inavutia, amu nzima kutoka Japani, imeng'aa, imepulizwa rangi nyeusi, bei nzuri. Ila gari ya 2004 raba yake ni ya 2004, imekaa miaka zaidi ya 20 na haijali kama gari ilitembea kidogo, raba inazeeka kwa joto na hewa. Unanunua ugonjwa ule ule ulionao.

Nenda na namba ya chasisi, upate namba ya spea kwanza, ndo uende dukani. Beba na bushi ya zamani, linganisha urefu wa bomba la ndani, kipenyo cha ganda, na yale matundu ya kwenye raba. Bomba la ndani likiwa fupi hata kidogo bolti ikikazwa haibani chuma, amu inacheza na kelele inarudi siku hiyo hiyo. Bonyeza raba na ukucha, nzuri inarudisha, mbaya inabaki na alama au inatoa unga mweusi. Angalia ilipoungana na chuma, ukiona mstari wa ufa au gundi iliyotapakaa rudisha. Mimi niliuziwa pea moja kwenye duka fulani, boksi na stika vyote vya kiwanda, baada ya miezi minne raba imeachana na ganda kama ngozi ya ndizi. Duka silitaji, ila toka siku hiyo nachana boksi pale pale kaunta kabla hela haijatoka mfukoni, na muuzaji mwenye mali nzuri hajawahi kukasirika.

Hatua ya 6: kufunga, hapa ndo bushi nzuri zinapofia

Kabla hujafungua chochote, gari ikiwa chini kwenye tairi zake, pima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa fenda juu yake. Andika. Yangu ilikuwa sentimita 37. Utaona kwanini.

Jana yake mwagia bolti zote dawa ya kutu, hasa ile bolti ndefu inayopita kwenye nako (kile chuma kinachobeba beringi ya gurudumu) na kushika lateral zote mbili. Hiyo ni maarufu kwa kuganda ndani ya bushi, inazunguka na bomba lake haitoki. Usiigonge nyundo kwenye uzi. Agiza bolti mpya kabisa kabla hujaanza kazi, ikigoma unakata na grenda huku ukijua mbadala upo mezani. Bolti ya kurekebisha tairi za nyuma ina washa ambayo tundu lake haliko katikati, weka alama ya rangi ilipo kabla ya kulegeza.

Kutoa bushi tumia presi. Najua mtaani bushi zinachomwa moto zitoke, tafadhali usikubali, moshi wa raba ni mbaya na wa poli ni sumu kali ya kuua, na fundi wako ana familia. Kabla ya kutoa piga picha na chora mstari kwenye amu kuonyesha yale matundu ya raba yameelekea wapi, kiwanda kiliyaelekeza hivyo ili bushi iwe laini kwenda mbele na nyuma na iwe ngumu pembeni, ukiigeuza robo umepata gari ngumu kwenye tuta na legevu kwenye kona. Safisha tundu na brashi ya waya. Sukuma kwa kukandamiza ganda la nje tu, usikandamize raba. Ikikaza weka bushi kwenye friza usiku mzima, na ulainishe na maji ya sabuni. Usipake raba grisi wala oili. Poli ndo inapakwa grisi, tena ya silikoni au ile iliyokuja kwenye boksi, ndani na pembeni, kwa ukarimu.

Sasa ile namba ya futi. Raba inajisokota, nimesema hapo juu. Ukikaza bolti ya mwisho gurudumu likiwa linaning'inia, ukishusha gari raba yote imeshasokotwa na itabaki imesokotwa kila siku hata ukiwa umeegesha, itachanika mapema mno na utasema bushi feki. Kwahiyo zungusha bolti mpaka zikae tu, alafu weka jeki chini ya nako, gari bado iko kwenye stendi, inua mpaka futi isome namba uliyoandika, ndo ukaze kwa torki spana kwa kipimo cha kitabu cha gari yako. Fundi akikuambia haina haja, mwombe kwa heshima, simama pale mpaka aifanye. Poli inayozunguka haina shida hiyo, ila raba lazima.

Ukimaliza nenda alaimenti ya magurudumu yote manne, siku hiyo hiyo, usisubiri mwezi uishe. Tairi za nyuma zikikaa vibaya zitaliwa zianze kulia, na utarudi hatua ya kwanza unashuku bushi mpya.

Hatua ya 7: baada ya kufunga

Endesha kama kilomita 500 alafu rudi chini ukague kila bolti. Mimi napiga mstari wa rangi nyeupe unaovuka kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma, mstari ukikatika najua nati imetembea, dakika tano tu umemaliza. Mlio mdogo wa wiki ya kwanza kwenye poli ni kawaida, ukizidi hapo fungua uone kama grisi ilifika.

Na kitu cha mwisho ambacho watu hawakiwazi, sehemu za kuoshea magari. Vijana wengi wakimaliza kuosha wanapuliza chini dizeli au oili chafu ili king'ae na kisipate kutu, na wanafanya kwa nia njema kabisa. Dizeli inakula raba. Ukishuka kwenye gari mwambie kabla hajaanza, "Mdogo wangu, chini maji na sabuni tu, usipulize kitu," alafu usiondoke ukaenda kunywa chai, kaa pale mpaka amalize.